Biskuti za minti na chokoleti katika Nyanda za Juu Kusini: dalili, sababu na marekebisho

Waokaji wa nyumbani wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaojaribu kutengeneza biskuti za minti zenye vipande vya chokoleti hurudi na malalamiko yaleyale: biskuti zimetandaa trei nzima, zimeungua chini huku juu ni mbichi, zinanuka dawa ya meno, au hazina hata harufu ya minti. Walio wengi huanza kuishuku minti, kwa kuwa ndicho kiungo wasichokizoea, wakabadilisha chupa au kuongeza matone, na biskuti zikaendelea kuharibika vilevile. Kwa maoni yangu utaratibu huo umegeuzwa kichwa chini. Moto na mafuta ndivyo vya kuchunguzwa kwanza, kisha mwinuko wa mahali unapookea, na minti ifuate baada ya hapo.

Kipimo cha kuanzia

Ili dalili zitakazoelezwa ziwe na maana, ni lazima kuwe na kipimo kimoja cha kurejea. Kwa gramu 250 za unga wa ngano, tumia gramu 150 za siagi, gramu 90 za sukari ya kawaida, gramu 90 za sukari ya kahawia, yai moja la kuku wa kisasa, kijiko kimoja cha chakula cha maziwa, nusu kijiko cha chai cha beking soda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha chai cha arki ya minti na gramu 150 za chokoleti iliyokatwakatwa. Piga siagi na sukari mpaka ziwe laini, tia yai, maziwa na arki, kisha ongeza unga uliochekechwa pamoja na soda na chumvi, na mwisho chokoleti. Gawa madonge ya gramu 30 na uyaoke kwa dakika 10 hadi 12 katika oveni yenye nyuzi 185 za Selsiasi. Sukari ya kahawia ikikosekana, gramu 70 za sukari ya kawaida zilizochanganywa na gramu 20 za sukari guru iliyoparuzwa zitafaa.

Kipimo hiki tayari kina sukari na siagi kidogo kuliko mapishi mengi ya kigeni, kwa sababu kimepangwa kwa ajili ya miinuko yetu. Anayefuata pishi lililoandikwa kwa ajili ya maeneo ya usawa wa bahari atalazimika kulirekebisha mwenyewe, jambo ambalo limeelezwa kwenye dalili ya kwanza.

Kila unapofanya jaribio, oka biskuti mbili tu kabla ya kujaza trei, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike ulichobadilisha. Chokoleti ni ghali mno kuiteketeza kwa kubahatisha.

Biskuti zimetandaa, zimekuwa nyembamba na zimeungana

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na chanzo chake cha kawaida ni siagi iliyolainika kupita kiasi. Mtu huona siagi ni ngumu asubuhi ya baridi, akaiweka karibu na jiko ili ilainike haraka, na nusu yake ikayeyuka kabisa. Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa inapopigwa na sukari, na donge lake huanza kumwagika mara tu linapokutana na joto la oveni. Ukaguzi wake ni rahisi: bonyeza donge kwa kidole. Shimo likibaki na kingo safi, donge liko tayari. Kingo zikianza kung'aa kwa mafuta na kidole kikatoka kimelowa, liweke mahali pa baridi kwa nusu saa. Asiye na jokofu hana haja ya kuhangaika hapa kwetu, kwa kuwa mwezi Juni na Julai bakuli lililofunikwa na kuachwa usiku kucha katika chumba kisicho na moto, Njombe au Mafinga, litakuwa limeganda vya kutosha asubuhi. Miezi ya joto, weka bakuli ndani ya beseni la maji ya baridi.

Chanzo cha pili ni majarini laini ya kupaka mkate, ambayo madukani na majumbani kwetu nayo huitwa siagi. Siagi ya maziwa ina mafuta yapatayo asilimia 80. Baadhi ya majarini za kupaka zina mafuta pungufu na maji mengi zaidi, na maji hayo hugeuka mvuke unaoisukuma biskuti itandae kisha inywee. Soma maandishi ya kopo. Ikiwa asilimia ya mafuta iko chini ya 70, usitarajie biskuti nzuri hata ungefanya nini kingine. Majarini ngumu ya kuokea inafaa kwa umbo, ingawa haina utamu wa siagi, na minti hukaa vizuri zaidi ndani ya siagi halisi. Wanaoishi karibu na wafugaji wa Rungwe au Njombe wanaweza kutengeneza siagi yao wenyewe kwa kusukasuka malai, mradi waioshe kwa maji baridi na kuikamua mpaka maji yanayotoka yawe meupe kama maji ya kisima. Siagi isiyokamuliwa itarudisha tatizo lilelile la maji.

Chanzo cha tatu ni kupima unga kwa kikombe. Kikombe kimoja kinaweza kubeba gramu 120 za unga uliochekechwa na gramu 150 za unga uliochotwa na kushindiliwa, na tofauti ya gramu 30 ndiyo inayoamua kama biskuti itasimama au itatandaa. Mizani ndogo ya jikoni huondoa ubishi huu moja kwa moja. Ukiwa huna, chekecha unga kwanza, ujaze kikombe kwa kijiko bila kukitikisa, kisha sawazisha juu kwa mgongo wa kisu.

Baada ya hayo ndipo uangalie mwinuko. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia mita 2,000. Kwa urefu huo mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji huchemka Mbeya kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, gesi inayotolewa na soda hutanuka zaidi, na unyevu hutoroka haraka kutoka kwenye donge. Maji yanapoondoka, sukari inayobaki hukolea, na sukari iliyokolea huchelewesha ukingo wa biskuti kushikamana. Biskuti hustahimili hali hii kuliko keki, lakini mwokaji wa Makete aliyefuata pishi la Dar es Salaam neno kwa neno ataiona tofauti. Kwa pishi la usawa wa bahari, punguza kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwa kila kikombe cha sukari, ongeza kijiko kimoja au viwili vya chakula vya unga, punguza robo ya soda, pandisha joto la oveni kwa nyuzi 10 hivi, na anza kuchungulia dakika mbili kabla ya muda uliotajwa. Usifanye yote kwa pamoja. Anza na unga na joto. Mara nyingi hayo mawili yanatosha.

Ikiwa bado zinatandaa, basi oveni ilikuwa haijapata moto ulipoingiza trei, au umeweka madonge mapya juu ya trei iliyotoka jikoni sasa hivi, au umeipaka mafuta mengi. Trei ipozwe kabisa kati ya awamu moja na nyingine, na karatasi ya kuokea itumike badala ya mafuta.

Biskuti hazikutandaa kabisa, zimebaki mabonge makavu

Hapa unga ni mwingi au unyevu ni mdogo. Mtu aliyesoma sehemu iliyotangulia na kuongeza unga bila kupima hufika hapa haraka. Sababu nyingine, ambayo haitajwi mara nyingi, ni yai. Yai la kuku wa kienyeji linaweza kuwa na gramu 40 bila ganda wakati la kisasa hukaribia 50 au zaidi, kwa hiyo anayetumia la kienyeji aongeze kijiko kimoja cha chakula cha maziwa au sehemu ya yai la pili. Punje kubwa za sukari ya kawaida nazo huchelewa kuyeyuka na kupunguza kutandaa. Isage sukari kidogo kwenye blenda au kwenye kinu kilicho safi kisichonuka kitunguu saumu.

Donge lililolala usiku kucha kwenye baridi kali pia halitatandaa likiingizwa oveni likiwa bado gumu. Liache mezani kwa robo saa, kisha ulibonyeze kidogo juu kwa kiganja.

Chini zimeungua, juu ni mbichi

Kagua kwanza mahali trei ilipokaa. Katika oveni ndogo za mezani za umeme, nondo ya chini iko karibu sana na trei, na trei nyembamba nyeusi hunyonya joto lote. Ipandishe hadi ngazi ya katikati, au weka trei mbili zilizopandana. Hilo likitosha, umemaliza.

Likishindikana, pima joto halisi, kwa maana namba iliyochorwa kwenye kitufe cha oveni si ya kuaminiwa. Kipimajoto cha oveni ndicho bora. Asiye nacho anaweza kutumia sukari, kwa sababu sukari ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi zinazokaribia 186. Weka kijiko cha sukari juu ya kipande cha karatasi ya aluminiamu, washa oveni kwa 175, iache ipate moto vizuri, kisha iingize kwa dakika 15. Punje zinapaswa kutoka kavu na zilivyo. Pandisha hadi 190 na urudie. Safari hii punje za pembeni zinapaswa kuwa zimeanza kuyeyuka kuwa maji ya rangi ya asali. Zikiyeyuka kwenye 175, oveni yako inawaka zaidi ya inavyosema. Zisipoyeyuka kwenye 190, inadanganya kwa upande wa pili. Ukishajua tofauti, iandike kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye oveni.

Wanaookea kwenye sufuria juu ya mkaa wana kazi ya ziada, lakini biskuti nzuri zinapatikana. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko mzito, tandaza mchanga mkavu uliooshwa wenye unene wa sentimita mbili au tatu, weka mafiga madogo matatu ya mawe au kitako cha chuma juu ya mchanga, na trei ikae juu ya hayo bila kugusa mchanga. Pasha moto kwa dakika 20 hadi 30 ikiwa imefunikwa. Kosa linalojirudia ni kuacha mkaa wote chini: punguza wa chini ubaki makaa machache yaliyotandazwa pembeni, na sehemu kubwa ya makaa ihamie juu ya mfuniko. Biskuti huiva haraka kuliko mkate, kwa hiyo moto wa juu ndio unaozikausha kabla sehemu ya chini haijawa nyeusi. Usifunue kila dakika. Kila ukifunua, joto lote linaondoka na mchanga hauwezi kulirudisha upesi.

Onyo linalohusu mkaa si la kupuuzwa. Wakati wa baridi watu hufunga madirisha na kuingiza jiko ndani, na mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Okea nje, au mahali penye upepo unaopita pande mbili. Mtu akianza kuumwa kichwa, kupata kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, acheni biskuti ziungue: tokeni nje wote mara moja, na aliyezidiwa apelekwe hospitali hata kama anasema ameshapata nafuu.

Kwa oveni ya gesi, mwali unapaswa kuwa wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi chini ya trei, zima na umwite fundi asafishe na kurekebisha bana, usijaribu kutoboa matundu yake kwa msumari. Ukisikia harufu ya gesi, funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote wala kuwasha kiberiti, kwa kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni, kisha toka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa 114. Oveni ya umeme inayokupiga shoti unapoigusa, inayokata umeme wa nyumba kila inapowashwa, au yenye waya uliochubuka, ichomolewe na isubiri fundi umeme aliyesomea kazi hiyo. Jirani mwenye bisibisi hatoshi.

Hakuna ladha ya minti, au ipo lakini inanuka dawa ya meno

Malalamiko haya mawili yanapingana, lakini chanzo chake kinaweza kuwa kimoja: mtu hajui ni minti ipi aliyo nayo mkononi.

Ladha ya ubaridi tunayoijua kwenye pipi za minti inatokana na mentoli, ambayo ni nyingi kwenye mpepaminti. Mnanaa unaooteshwa bustanini kwa ajili ya chai mara nyingi ni wa aina nyingine, wenye harufu tamu itokanayo na kavoni, na una mentoli kidogo sana. Ndiyo harufu ya dawa nyingi za meno na bazoka. Tafuna jani moja taratibu na uvute hewa kwa mdomo. Ulimi ukipata ubaridi, una mentoli. Ukipata utamu na harufu bila ubaridi, biskuti zako hazitakuwa na ubaridi hata ukitia kikapu kizima.

Ikiwa unatumia arki na ladha haionekani, sababu inayoongoza ni kuokwa kupita muda. Mentoli hupaa na joto, na dakika mbili za ziada zilizokausha biskuti ndizo zilizoitorosha minti. Sababu inayofuata ni arki kutiwa juu ya unga mkavu. Itie kwenye siagi na sukari, kwa kuwa minti hushikwa na mafuta. Sababu ya tatu ni chokoleti ya maziwa yenye sukari nyingi, inayofunika kila kitu. Chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 50 au 60 huiacha minti isikike. Baada ya kuhakikisha hayo ndipo uongeze arki, na uiongeze robo kijiko cha chai kwa wakati mmoja. Pia onja biskuti ikiwa imepoa. Ikiwa ya moto, pua hupokea siagi na sukari tu, na wengi hutia minti ya ziada kwa haraka hii.

Anayependelea majani mabichi, kama ninavyopendelea mimi pale mmea wenye ubaridi unapopatikana, asiyakate na kuyachanganya kwenye donge. Yataiva, yatakuwa meusi na kuacha ladha ya nyasi. Yeyusha gramu 175 za siagi kwa moto mdogo bila kuichemsha, tumbukiza konzi mbili za majani yaliyooshwa na kukaushwa kabisa kwa kitambaa, yapondeponde kwa mwiko, funika na uache nusu saa. Chuja huku ukiyakamua, pima gramu 150 za siagi iliyopatikana, na uiache igande tena mpaka iwe laini ya kupigwa. Siagi itakuwa na ukijani hafifu na harufu iliyotulia. Usifupishe hatua ya kugandisha, la sivyo utarudi kwenye dalili ya kwanza.

Ladha ikiwa chungu au inachoma koo, umetumia mafuta ya minti kana kwamba ni arki. Mafuta halisi yamekolea mara kadhaa kuliko arki. Kwa kipimo cha gramu 250 za unga, matone matatu hadi matano yanatosha. Donge lililozidishiwa haliokoleki kwa kuongeza sukari. Tengeneza donge jingine lisilo na minti na uyachanganye mawili.

Hapa pia kuna mpaka wa kutovukwa. Chupa za mafuta ya mnanaa zinazouzwa kwa ajili ya kuchua misuli, kupaka kifuani wakati wa mafua au kufukiza si chakula, hata kama zinanukia vizuri kuliko arki ya dukani. Tumia tu chupa iliyoandikwa kwamba ni ya chakula. Mentoli iliyokolea ni hatari kwa watoto wachanga na wadogo, inaweza kuwabana pumzi, kwa hiyo chupa ikae mbali nao. Mtoto akiimeza, mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe, na usimlazimishe kutapika. Watu wazima wenye kiungulia cha mara kwa mara nao huenda wakaona minti inawazidishia.

Biskuti zina ladha ya sabuni na madoa ya njano

Umetumia magadi yanayolainisha makande au maharage mahali pa beking soda. Magadi hayo yana kabonati ya sodiamu, ambayo ni kali zaidi, na hakuna kipimo kitakachoyafanya yafae. Ikiwa ulitumia beking soda halisi, basi haikuchekechwa na imebaki mabonge, au imezidi. Beking pauda si mbadala wa moja kwa moja. Ukiitumia, tia kijiko kimoja na nusu cha chai badala ya nusu kijiko cha soda, na utarajie biskuti nene na nyeupe zaidi. Soda iliyokaa muda mrefu ijaribiwe kwa matone ya ndimu: isipotoa povu mara moja, inunuliwe nyingine.

Chokoleti imeyeyuka na kuchafua donge lote, au imeota ukungu mweupe

Vipande vidogo vya chokoleti vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuokea huwa na mafuta ya kakao kidogo kuliko chokoleti ya kawaida, ndiyo maana hubaki na umbo. Maduka ya Mbeya mjini huwa navyo kwa nyakati fulani, miji midogo aghalabu havipo, na wengi hukata chokoleti ya mche. Hakuna ubaya, mradi uikate ikiwa ya baridi, kwa kisu kikubwa, vipande viwe na ukubwa wa punje ya mahindi, na uichekeche ili uondoe vumbi lake. Vumbi hilo ndilo linaloligeuza donge kuwa la udongo. Chokoleti huanza kuyeyuka kwenye nyuzi za thelathini na kitu, chini ya joto la mwili, kwa hiyo mikono iliyokanda kwa muda mrefu inatosha kuiharibu. Igeuze kwa mwiko, mara chache.

Weupe wa juu si kuvu. Ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu baada ya chokoleti kupata joto na kupoa tena, jambo la kawaida kwa bidhaa iliyosafiri kwa lori kutoka pwani hadi kwenye baridi yetu, au ni sukari iliyopata unyevu. Inaliwa bila shida, na ukishaioka weupe hauonekani. Tofauti na hiyo ni chokoleti yenye manyoya, harufu ya uvundo au wadudu, hiyo hutupwa.

Swali hujitokeza mara kwa mara kuhusu kakao ya Kyela, na linaeleweka, kwani inaudhi kununua chokoleti ya ng'ambo wakati kakao inavunwa chini ya milima hii hii. Punje zilizochachushwa na kukaushwa unaweza kuzikaanga, kuzimenya na kuzisaga, lakini mashine ya jikoni haiwezi kuzilainisha kufikia kiwango cha chokoleti, na vipande vyake vitabaki na chengachenga na uchungu. Ninavyoona, ni vyema kuzikaanga na kuzivunja vipande vidogo, gramu 30 tu, na kuziweka pamoja na gramu 120 za chokoleti. Zinaleta mkwaruzo mzuri, na uchungu wake unapatana na minti.

Ukiyeyusha chokoleti ili uchovyee biskuti nusu na ikakauka ghafla kama matope, tone la maji au mvuke limeingia. Haitarudi kuwa laini ya kuchovyea. Iongezee maziwa ya moto na uifanye kinywaji.

Rangi ya kijani imekuwa kahawia

Rangi ya chakula hushindwa na sukari ya kahawia na ukingo uliokolea moto. Tumia sukari nyeupe yote, ondoa biskuti mapema, au achana na rangi. Haina ladha yoyote, na mimi siioni umuhimu wake.

Zilikuwa nzuri jana, leo ni ngumu au zimelegea

Zikiwa ngumu kesho yake, ziliokwa zaidi ya ilivyotakiwa. Katika miinuko hii unyevu hutoka upesi, kwa hiyo toa trei wakati katikati ya biskuti bado panaonekana pabichi kidogo na ukingo umeshikamana, kisha ziache dakika tano juu ya trei zijimalizie. Kubadilisha kijiko kimoja cha sukari kwa kijiko cha asali huzifanya zibaki laini, ila zitawahi kubadilika rangi, basi punguza nyuzi tano.

Zikilegea, zimefungwa zikiwa na joto, au ni unyevu wa masika, hasa Tukuyu ambako mvua haina haraka ya kuondoka. Subiri zipoe kabisa, zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na zikishalegea zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika nne au tano. Kopo la biskuti za minti lisichanganywe na skonzi, visheti wala majani ya chai: harufu ya minti hupenya, na baada ya usiku mmoja kila kilichomo ndani ya kopo kitakuwa na ladha hiyo.